Mkono baada ya saratani ya titi: kweli au si kweli?

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani hupokelewa nyumbani kwa mapenzi mengi na makatazo mengi zaidi. Asifagie. Asichote maji. Asimbebe mtoto. Wanaomkataza ni dada zake, mawifi na mashangazi, watu waliokesha naye wodini, nao wanasema wanachokijua kwa kuwa hakuna aliyewaeleza vingine. Wataalamu wa fiziotherapia nchini Tanzania ni wachache na wengi wako mijini, na mgonjwa wa saratani hudhaniwa anahitaji kisu, kemo na mionzi, basi. Ndiyo maana tunao wanawake waliopona kidonda lakini hawawezi kuanika nguo kambani. Nawaandikia wao, na zaidi wanaowauguza.

“Asiinue mkono mpaka apone kabisa.”

Si kweli, na katika makatazo yote hili ndilo linalodhuru kuliko mengine. Kidonda kinapofunga huacha kovu, na kovu hujivuta. Bega lisilotumika wakati huo hukaza. Wiki kadhaa baadaye mama anajaribu kuvaa gauni la kuingizia kichwani, mkono unagota usawa wa bega, anaumia, anaacha. Kadiri anavyoacha ndivyo bega linavyozidi kukaza.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu wengi hawaambiwi. Anayehitaji mionzi hulazwa kwenye mashine akiwa ameinua mkono juu ya kichwa, na hukaa hivyo bila kutikisika. Bega likiwa limekaza hawezi, na tiba inaweza kuchelewa. Mtu aliyesafiri kutoka Rukwa au Lindi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akajihifadhi kwa jamaa kusubiri zamu yake, hana wiki za kupoteza kwa sababu ya bega ambalo lingeweza kunyooshwa nyumbani.

Kwa kawaida mkono huanza kazi nyepesi siku chache tu baada ya upasuaji: kula, kunawa uso, kuchana nywele, kukunja na kukunjua ngumi. Wiki ya kwanza usipite usawa wa bega. Baada ya hapo, daktari akiridhika na kidonda, mama husimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu hadi vinapofika, anaweka alama ya chaki, na kesho yake anajaribu kuipita. Au analala chali, anashika fimbo kwa mikono miwili, na mkono mzima unausaidia mwenzake kupanda. Kuhisi kuvutwa si tatizo. Maumivu makali ni ishara ya kusimama. Aliyetengenezewa titi jipya afuate ratiba ya mpasuaji wake. Huko Uingereza, utafiti uitwao PROSPER, uliochapishwa 2021, uliwafuatilia wanawake 392 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya bega. Walioanza mazoezi wakisimamiwa na mtaalamu, siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, mwaka mmoja baadaye walikuwa wakiutumia mkono vizuri kuliko waliopewa vipeperushi tu.

“Mkono ukivimba, saratani imerudi.”

Mara nyingi si kweli. Tezi za kwapani hupitisha maji ya limfu kutoka mkononi. Zikiondolewa, au mionzi ikizikausha, maji hukosa njia na kujikusanya. Uvimbe huo unaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya matibabu. Dalili za mwanzo ni ndogo: pete inabana, mkono wa blauzi unakataa kupita, mkono unahisi mzito jioni. Hapo ndipo pa kwenda kliniki, kwa sababu uvimbe ulioshughulikiwa mapema hudhibitika kwa urahisi zaidi. Ukija ghafla, ukiwa na maumivu makali au kivimbe kipya shingoni au kwapani, usisubiri tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na wakati mwingine ni kweli saratani yenyewe.

“Ukandwe kwa maji ya moto, au uchanjwe chale damu mbaya itoke.”

Si kweli, na ni hatari. Kukanda tumekurithi kutoka kwa wanaowatunza akina mama waliojifungua, na kuna mahali kunafaa, lakini si hapa. Joto huvuta damu na maji zaidi kwenye mkono ambao tayari umeshindwa kuyatoa. Chale ni mbaya kupita hapo. Kinga katika mkono huo imepungua, na mkato mdogo wa wembe ni mlango wa bakteria. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo tazama joto, maumivu, ngozi iliyojaa na kung’aa, na homa. Zikionekana, antibayotiki zinahitajika siku hiyo hiyo. Kila maambukizi yanaweza kuharibu mirija michache ya limfu iliyobaki na kuongeza uvimbe. Mafuta ya kulainisha ngozi, glavu wakati wa kulima na kuosha haraka kila mchubuko vinafanya kazi kuliko wembe wowote.

“Asibebe kitu kizito maisha yake yote.”

Si kweli. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana na kuuongeza pole pole, hawakuvimba zaidi ya wengine, na waliopatwa na vipindi vya uvimbe kuzidi walikuwa 14% yao dhidi ya 29% ya wasionyanyua. Walivaa mikono ya kubana, yaani vazi linaloubana mkono, walipokuwa wakinyanyua, na walifundishwa kwanza. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 haibebwi wiki ya tatu. Huanzwa na kidumu cha lita moja. Kwa mkulima au mama lishe hili ni suala la riziki: kumwambia asibebe kamwe ni kumwambia aache kazi.

“Amechoka na kemo, alale tu.”

Si kweli kwa wengi. Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi, na kulala mchana kutwa hupunguza misuli. Kutembea kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo, nusu saa, mara tatu kwa wiki, hupunguza uchovu huo. Wapo wa kuonwa na daktari kwanza: mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, mwenye homa, mwenye damu pungufu sana.

“Bila vifaa hakuna fiziotherapia.”

Hapa kuna ukweli nusu. Mikono ya kubana na bendeji maalumu ni ghali, na mwenye uvimbe mkubwa anavihitaji kweli. Bendeji ya dukani ikifungwa ovyo, ikakaza juu kuliko kiganjani, hufungia maji chini. Serikali na bima zinapaswa kuvihesabu kama tiba, kama zinavyohesabu dawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka saratani katika mwongozo wake wa huduma za utengamao wa 2023, kwa hiyo hoja si ngeni.

Lakini kazi kubwa zaidi, ya kuugundua uvimbe mapema, inataka futi ya fundi cherehani. Muuguzi apime mikono yote miwili kabla ya upasuaji, kiganjani, kwenye kifundo, chini na juu ya kiwiko, na aandike kwenye faili. Apime tena kila mgonjwa anaporudi kwa kemo. Tofauti mpya ya sentimita 2 sehemu yoyote inatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Hospitali yako isipofanya hivyo, mama, omba upimwe kabla hujaingia chumba cha upasuaji, na utoke na vipimo vyako kwenye daftari.