INJINI ILIYOFIA MIKONONI MWA MWENGINE
Namna ya kuichunguza sababu kabla ya kutupiana lawama

Miongoni mwa mizozo inayofikishwa kwa masheha, na mara nyengine kuishia mahkamani, umo ule wa gari iliyotolewa nzima ikarudi inavutwa kwa kamba. Mwenye gari husema kwamba aliitoa ikiwa inakwenda. Aliyekabidhiwa naye huapa kwamba hakufanya lolote ila kuiendesha. Fundi akiulizwa hujibu kwa neno moja tu, kuwa injini "imenoki", na neno hilo halimsaidii yeyote kati ya wawili hao, kwa sababu linaeleza hali ya injini na halielezi kilichoifikisha hapo.

Kosa linalofanyika aghalabu ni la kuuliza swali moja mahali panapohitaji mawili. Watu huuliza: nani alikuwa nayo ilipozimika? Swali hilo lina jibu jepesi, nalo halina faida kubwa. Yanayopaswa kuulizwa ni haya: kitu gani kilianza kuharibika, na tangu lini, kisha, kitu gani kiliyafanya madhara madogo yawe makubwa. Majibu ya maswali hayo mawili huweza kuangukia watu wawili mbalimbali, na hapo ndipo haki inapopatikana.

Sheria nayo inaelekea huko huko. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo asili ya sheria za mikataba zilizotungwa Zanzibar na Tanzania Bara, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angelivyoitunza mali yake mwenyewe. Akiitumia kinyume na masharti aliyopewa, hubeba dhima ya madhara yanayotokana na matumizi hayo. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka pia mwenye mali amwambie anayemkabidhi ila zote anazozijua, zile zinazozuia matumizi au zinazoweza kuleta hatari. Akinyamaza, madhara yatokanayo moja kwa moja na ila hizo ni yake. Na ikiwa mali imekodishwa kwa malipo, mwenyewe hawezi kujitetea kwamba hakujua. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa sana na wenye magari.

Mfano wa shauri la namna hii ni huu. Mtumishi mmoja wa Serikali amepata nafasi ya masomo ya miezi mitatu Tanzania Bara. Anamwachia shemeji yake gari ndogo ya petroli, iliyoagizwa Japani ikiwa imeshatumika, ili awapeleke watoto skuli. Maagizo yake ni mafupi: "Shemeji, gari haina tatizo, itie mafuta tu." Mwezi wa pili shemeji anaichukua kwenda harusini Makunduchi. Jioni, katika kurudi, walipofika Kitogani abiria wa nyuma wanaona mvuke mweupe ukitoka chini ya boneti. Dereva anautazama mshale wa joto, anauona umelala chini, na kwa kuwa anataka kufika mjini kabla ya Magharibi anaendelea. Wakikaribia Tunguu gari inapoteza nguvu, inagonga kama nyundo, kisha inazimika. Watu wema wa jirani wanaleta ndoo ya maji ya baridi, nayo inamiminwa yote katika rejeta papo hapo.

Usiku ule maneno ya simu yalikuwa makali. "Umeniunguzia injini," alisema mmoja. "Wallahi shemeji, mshale haukupanda," akajibu wa pili.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hili linahitaji maelezo. Kifaa kinachoupeleka mshale habari ya joto huwa kimezama ndani ya maji ya injini, nacho hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yakishamwagika kikabaki katika mvuke na hewa, hakipimi tena kama inavyopasa, na mshale huweza kurudi chini wakati chuma kinaungua. Kwa hiyo mshale uliolala baada ya mvuke kuonekana hauthibitishi kwamba injini ni salama, wala dereva anayesema aliuona umelala hapaswi kuitwa mwongo. Suala lililobaki kwake ni la mvuke. Huo aliuona, tena aliambiwa.

Gari ilipofikishwa gereji, jambo la busara lililofanyika ni kwamba fundi alizuiwa kuifungua mpaka pande zote mbili ziwepo, mwenye gari akawakilishwa na kaka yake. Injini iliyofunguliwa bila ya shahidi imeshapoteza nusu ya ushahidi wake. Boliti zikishalegezwa na maji kumwagwa, hakuna awezaye kueleza kwa yakini yalikuwa kiasi gani na ya rangi gani. Hata kujaribu kuiwasha "mara moja tu tuone" hufuta alama.

Kilichotazamwa kwanza ni mpira wa chini wa rejeta, ambao ulikuwa umepasuka. Mpira unapopasuka kwa uzee huonyesha nyufa nyingi ndogo ndogo kuzunguka mahali palipochanika, na ukiukunja hukatika kama mkate mkavu. Mpira mpya uliokatwa au uliokwaruzwa na feni huonyesha jeraha moja safi. Huu ulikuwa wa aina ya kwanza, na uzee wa namna hiyo haupatikani katika miezi miwili.

Kisha ikafunguliwa rejeta yenyewe. Ndani mlikuwa na tope la kutu na magamba meupe, dalili ya maji ya kisima yenye chumvi yaliyotiwa kwa muda mrefu. Visima vingi vilivyo karibu na pwani katika visiwa hivi vina maji ya chumvi, nayo hula chuma na kuziba njia nyembamba za rejeta hata kama ndugu zetu huyaona safi kwa macho. Pamoja na tope hilo zilikutwa chembe za dawa ya kuzibia mivujo. (Wapo wanaotumia manjano ya jikoni kwa kazi hiyo, huziba tundu kweli, na huziba na visivyotakiwa kuzibwa.) Dawa haijitii yenyewe. Kuwemo kwake ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyejua kuwa maji yanapungua.

Fundi akaonyesha pia kwamba thamostati haikuwamo. Hiki ni kifaa kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yanapofika joto la nyuzi 80 na kitu, na mafundi wengi wa nchi za joto hukitoa wakidhani wanaipoza injini. Katika injini nyingi za Kijapani kifaa hicho hufanya kazi mbili: kikifungua njia ya rejeta huifunga njia ya mkato. Kikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila ya kupita kwenye rejeta kupozwa. Injini hiyo huenda vizuri katika safari fupi za mjini, kama za kupeleka watoto skuli, lakini huelemewa katika safari ndefu yenye abiria wengi.

Mwenye gari alipopigiwa simu na kuulizwa kwa utaratibu alikiri kwamba kabla ya kusafiri alikuwa akiongeza maji kila wiki, na kwamba ile dawa ilitiwa kwa ruhusa yake. Hakuyasema hayo kwa shemeji yake kwa sababu, kwa maneno yake, "si ugonjwa, ni kawaida yake." Hapa swali la kwanza likawa limejibiwa. Chanzo kilikuwamo ndani ya gari tangu siku ya makabidhiano.

Likabaki la pili, na jibu lake lilikuwa ndani ya injini. Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya aluminiamu, na bloki yake katika injini nyingi ni ya chuma. Aluminiamu inapopata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini inapochemka kupita kiasi hedi hujikunja, na gasketi iliyo katikati hushindwa kuzuia maji na moto. Fundi hulipima jambo hilo kwa kulaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi na kupenyeza vibati vya kipimo chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Kijapani mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.05, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Hedi hii ilipitisha kipimo hicho mara kadhaa, na zaidi ya hayo ilikuwa na ufa baina ya vali mbili. Pistoni zote nne zilikuwa zimekwaruzika ubavuni, alama ya kwamba oili ilikwisha nguvu kwa joto na chuma kikasugua chuma.

Mikwaruzo hiyo haipatikani kwa gari iliyosimamishwa mara ulipoonekana mvuke. Lau ingelizimwa pale Kitogani, hasara huenda ingelikuwa mpira na maji, na ikizidi sana, gasketi. Kutoka Kitogani hadi karibu ya Tunguu ni zaidi ya kilomita 10, na zilikwendwa bila ya maji. Ufa nao yawezekana ulitokana na joto lenyewe, na yawezekana pia ni ile ndoo ya maji ya baridi, kwani chuma kilichoiva kikimwagiwa maji ghafla huweza kupasuka. Fundi mwaminifu alisema kwamba hawezi kuitenganisha sababu hizo mbili, na kauli hiyo ilipokewa ilivyo. Mchunguzi asiyebakisha shaka yoyote ni wa kuogopwa kuliko kuaminiwa.

Si kila injini hufa kwa joto, na kila kifo kina alama zake. Injini iliyokosa oili huanza kuharibika kwenye beringi za kombo. Zikiwa zote zimelika kwa usawa, dalili ni ya muda mrefu. Ikiwa ni moja tu iliyoungua na nyengine ni nzima, hutazamwa njia ya oili ya hapo. Tope jeusi zito chini ya kifuniko cha vali ni la miezi mingi ya kutobadilisha oili, na aliyeazima gari kwa siku tatu hawezi kubandikwa tope hilo. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Mkanda wa taiming uliokatika huangaliwa meno yake na kilomita zake. Gari nyingi zitokazo Japani huwa na kibandiko karibu na injini kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa ilipofika kilomita ngapi, na kwa injini nyingi kiwango kilichowekwa ni kilomita 100,000.

Maji ya mvua yana hila yake. Gari ikipita katika maji mengi, kama yalivyowahi kutuama Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu nyakati za masika, injini huweza kuyavuta kupitia kwenye chujio la hewa. Maji hayabanwi kama hewa, basi pistoni inapoyakuta hupinda mkono wake. Mkono uliopinda kidogo huweza kuendelea kufanya kazi kwa wiki nyingi kabla ya kuvunjika, na siku hiyo gari huenda imo mikononi mwa mtu mwengine kabisa. Ndiyo sababu chujio la hewa lisitupwe: karatasi yake hubakisha mstari wa matope hata baada ya kukauka.

Kwa gari za Serikali zenye namba za SMZ, daftari la safari ndilo shahidi wa kwanza. Dereva anayepokea gari kwa mwenziwe yampasa aandike kilomita, kiasi cha oili katika kijiti, hali ya maji, na kila dosari aliyoambiwa, mbele ya anayemkabidhi. Anayeandika "gari nzima" bila ya kufungua boneti ameshazikubali dosari zote za aliyemtangulia. Wananchi wanaoazimana gari hawana daftari, lakini karatasi moja yenye saini mbili inatosha, na picha ya simu ya dashibodi na ya kijiti cha oili haigharimu kitu.

Inapotokea injini kufa, izimwe na isiwashwe tena. Isimwagiwe maji mpaka ipoe yenyewe. Oili kidogo itiwe katika chupa safi ya kioo na kufungwa. Na vipuri vyote vilivyotolewa viwekwe mpaka shauri limalizike, hata kama fundi anataka kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi aliyeihudumia gari hiyo zamani asiwe mchunguzi pekee, kwa sababu huenda kazi yake mwenyewe ndiyo inayochunguzwa.

Mashemeji wale walikaa kwa sheha wa shehia yao, vipuri vikiwa vimepangwa juu ya gunia. Mwenye gari alichukua gharama za rejeta, mipira, thamostati na gasketi, kwa kuwa hizo zingelimfika hata kama gari isingelitoka uwani. Shemeji alichukua za pistoni na za kazi ya kuzirejesha. Hedi, ambayo fundi hakuweza kusema ufa wake ni wa joto au wa ndoo, waliigawana nusu kwa nusu, na shemeji akapewa miezi sita ya kulipa.