Anwani ya IP na Shamba la Kansas

Kila chombo kinachoungana na intaneti hutambulishwa kwa namba iitwayo anwani ya IP. Pasipo namba hiyo, kompyuta iliyohifadhi ukurasa unaoombwa isingejua pa kuupeleka. Ndiyo maana kila tovuti inayotembelewa huipokea. Namba yenyewe haitaji jina wala nyumba. Huonyesha kampuni inayotoa huduma, nchi, na pengine mji. Aghalabu simu nyingi hutumia anwani moja kwa pamoja. Anayeweza kuifungamanisha namba na mteja ni kampuni ile ya huduma, kwa kuwa ndiyo iwekayo kumbukumbu ya nani alipewa namba ipi, na saa ngapi. Siri ya mtumiaji imo hasa katika kumbukumbu hizo.

Walakini wako wanaoisoma namba kupita yale inayoyasema. Kampuni ya MaxMind ya Marekani hukadiria mahali zilipo anwani. Zile ilizojua tu kuwa ni za Marekani, iliziwekea nukta moja kuelekea katikati ya nchi: latitudo 38 Kaskazini, longitudo 97 Magharibi. Nukta hiyo iliangukia shamba moja karibu na Potwin, katika jimbo la Kansas. Kufikia mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilielekezwa hapo. Polisi, makachero na watu waliotapeliwa walifika shambani kuwatafuta wahalifu, na wakazi wasio na hatia yoyote wakashukiwa kwa miaka. Habari ilipofichuka, kampuni iliihamishia nukta ziwani, magharibi ya mji wa Wichita, ambako hakuna mlango wa kubisha.