Jicho la mzee, usukani na barabara ya Kabambare

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, lakini anayeijua njia hiyo hakutajii kilomita. Atakuuliza kama mvua imenyesha na kama magogo ya daraja bado yapo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika ilipita Kabambare kabla ya kufika Kasongo kwa mfanyabiashara Tippu Tip. Leo mawese na mchele vinasukumwa kwa baiskeli, na mwenye pesa kidogo hupanda pikipiki. Magari ni machache, lami ni hadithi ya miji mingine.

Watafiti wa Marekani, Japani na Ulaya wametumia miaka mingi kuuliza mzee aache lini kuendesha. Huku kwetu kusini mwa Maniema swali hilo halitoshi. Mwalimu mstaafu mwenye miaka 67 anayekwenda Salamabila kwa pikipiki yake, akiiacha, hatapanda basi, kwa kuwa basi halipo. Atapanda nyuma ya kijana wa miaka 19. Nitalirudia jambo hilo, maana naona ndilo kubwa kuliko yote. Kwanza tuanze na macho.

Mboni ya mtu mzima hupungua kufunguka kadiri miaka inavyokwenda, na lenzi iliyo nyuma yake hugeuka njano. Makadirio ya kawaida ni kwamba mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi tu ya ule unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo maana baba anakwambia saa kumi na mbili jioni kwamba giza limeingia, nawe unamwona mwoga. Kwako bado kuna mwanga. Kwake giza limekwisha kuingia kweli. Akimulikwa usoni na taa ya pikipiki inayokuja, jicho lake hukawia zaidi kurudi katika hali yake, na katika sekunde hizo chache anakwenda bila kuona. Humo ndimo anamopita mtu wa baiskeli asiye na taa, mwenye madumu ya mawese pande zote mbili.

Kuna upungufu mwingine usioonekana kwenye ubao wa herufi. Herufi za hospitali ni nyeusi juu ya karatasi nyeupe, na mzee anaweza kuzisoma vizuri. Barabara yetu haina weusi wala weupe. Mtoto aliyejaa vumbi amesimama kando ya barabara ya vumbi, mbuzi wa rangi ya udongo amelala juu ya udongo. Uwezo wa kutofautisha kitu na kinachokizunguka hupungua na umri, hasa kwa mwenye mtoto wa jicho.

Kuhusu mtoto wa jicho kuna utafiti ambao ningependa kila familia iujue. Cynthia Owsley na wenzake huko Alabama, Marekani, waliwafuatilia madereva 277 wenye umri kati ya miaka 55 na 84, wote wakiwa na mtoto wa jicho. Kati yao 174 walifanyiwa operesheni, 103 hawakufanyiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002: kiwango cha ajali za waliofanyiwa operesheni kilikuwa karibu nusu ya kile cha wenzao. Walioamua kufanyiwa huenda walikuwa tofauti na wengine tangu mwanzo, kwa hiyo tusiichukulie namba hiyo kama mizani ya dhahabu. Hata hivyo sijaona semina ya usalama barabarani inayokaribia matokeo ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba wengi hapa hukubali ukungu wa jicho kama mvi, kitu cha kuzoea, mpaka siku mzee anaposhindwa kuwatambua wajukuu. Ajali haisubiri hatua hiyo.

Sasa tuje kwenye upana. Miaka tisa kabla ya utafiti huo, mwaka 1993, Karlene Ball akiwa na Owsley na wengine walichapisha kazi juu ya madereva 294 wa miaka 55 hadi 90. Waliwapa jaribio rahisi kulieleza na gumu kulifanya: tazama picha iliyo katikati, na wakati huohuo useme kitu kimetokea upande gani pembeni, kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Wale ambao upana huo wa kuona na kuzingatia ulikuwa umepungua sana walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuwa wamepata ajali katika miaka mitano iliyotangulia. Uwezo wa kusoma herufi ndogo haukusaidia kuwatambua kwa kiasi hicho. Jaribio hilo linapima macho na akili pamoja: ubongo wa mzee unaposhughulika na shimo lililo mbele, unaweza usipokee kabisa taarifa ya mtoto anayekimbia kutoka kulia, ijapokuwa jicho limemwona.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kujali pembeni, nayo ni usubi, upofu wa mtoni. Inzi weusi wanaoueneza huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na mtu aliyekua karibu na maporomoko amekula miaka mingi ya kuumwa nao. Minyoo wachanga wa ugonjwa huo huharibu sehemu ya ndani ya jicho na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi uharibifu huanzia pembeni na gizani. Mgonjwa hutazama dunia kama anayechungulia ndani ya bomba: katikati safi, kandokando hakuna kitu. Presha ya macho hufanya vivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo atakusomea jina la duka ng'ambo ya barabara, kisha amkwaruze mama aliyebeba beseni ubavuni mwake na aape kwamba hakuwepo. Hasemi uongo. Dawa ya Mectizan inayogawiwa vijijini huwaua minyoo wachanga na kuzuia madhara mapya, lakini jicho lililokwisha kupoteza upana wake halirudishiwi.

Kupima upana hakuhitaji mashine. Kaeni uso kwa uso, umbali wa mkono mmoja. Mzee afunike jicho moja, nawe ufunike la kwako linalolielekea hilo lake lililofunikwa. Akutazame jicho tu, asigeuze kichwa. Nyosha mkono pembeni, katikati yenu, ukichezesha vidole, kisha uusogeze ndani taratibu. Unapoviona wewe, naye anapaswa kuviona karibu wakati uleule. Rudia juu, chini, kulia, kushoto, halafu jicho la pili. Ukikuta umekwisha kuviona zamani naye bado anasubiri, mpelekeni kwa mtaalamu wa macho kabla ya kumpa ufunguo. Miguu nayo ina jaribio lake: mita 3 kwenda na kurudi kwa mwendo wa haraka. Miongozo ya madaktari wa Marekani huona zaidi ya sekunde 9 kuwa dalili ya kumchunguza mtu zaidi. Hiyo ni kwa wenye magari. Pikipiki ndogo tu ina zaidi ya kilo 100, na anayesimama kwenye utelezi lazima aizuie kwa mguu mmoja, kwa hiyo mimi ningekuwa mkali zaidi ya hapo.

Dawa nitazitaja kwa kifupi, ijapokuwa zinaua. Kule Quebec, Kanada, uchunguzi uliotoka mwaka 1997 juu ya madereva wa miaka 67 hadi 84 ulionyesha kwamba katika wiki ya kwanza ya kutumia dawa za kutuliza zinazokaa muda mrefu mwilini, kundi la diazepam, ajali zenye majeruhi ziliongezeka kwa asilimia 45. Diazepam ndiyo Valium. Mzee akiinunua ili alale usiku, asubuhi bado imo damuni.

Basi kwa nini tusipange umri, tuseme miaka 70, kila mtu arudishe permi? Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na kuongeza kifungu si kazi kubwa. Denmark walijaribu kitu cha namna hiyo. Mwaka 2006 waliweka jaribio la akili kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi anayetaka kuongeza muda wa permi. Watafiti Anu Siren na Annette Meng walipolinganisha vifo vya kabla na vya baada, hawakuona nafuu kwa madereva wazee. Walichoona ni ongezeko la vifo vya wazee waliokuwa wakitembea kwa miguu au kwa baiskeli. Waliotolewa kwenye gari waliingia mahali pa hatari zaidi.

Kwetu sisi hilo ni somo lenye uzito mara mbili, kwa sababu wazee wengi wa Kasongo na Kabambare hawajawahi kuwa na gari la kutolewa. Tayari wako kwa miguu, au nyuma ya pikipiki. Tena mifupa na mishipa yao haivumilii. Marekani, watafiti waliopima kwa nini madereva wazee hufa zaidi kwa kila kilomita waliona kwamba udhaifu wa mwili ulieleza asilimia 60 hadi 95 ya tofauti hiyo. Kusababisha ajali nyingi kulichangia kidogo. Anguko ambalo kijana anainuka nalo akijipangusa matope, kwa mama wa miaka 70 ni nyonga iliyovunjika.

Kwa hiyo mazungumzo na baba yasianze na ufunguo. Wazee wengi, hapa kama huko, hujipunguzia wenyewe: hawatoki usiku, wanasubiri udongo ukauke, wanakwepa siku ya soko. Mtu wa namna hiyo, mwenye macho yaliyopimwa, simnyang'anyi pikipiki. Namnyang'anya anayepotea kwenye njia aliyoipita miaka 30, kwa sababu huyo tatizo lake limekwisha kuvuka macho.

Na akiwa abiria, adai kofia ya kujikinga hata kama motari anayo moja tu. Ubongo hunywea kidogo uzeeni, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa fuvu hukaa imevutika. Kichwa kikitikisika, hata bila jeraha la nje, mshipa mmoja unaweza kuvuja polepole kwa siku au majuma. Mzee huanza kuumwa kichwa, kusinzia mchana, kuchanganya majina, kuburuta mguu mmoja. Nyumbani watu husema uzee umemfika. Muulizeni kwanza kama alianguka na pikipiki mwezi uliopita, na kama jibu ni ndiyo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.