Hirola: Swala Aliyewafikisha Wafugaji Mahakamani

Wahenga walisema tembea uone. Lakini msafiri wa siku hizi akitajiwa Garissa huguna. Atakuambia kule hakuna ila jua na vumbi, na kwamba mwenye hamu ya safari za porini heri apande Mlima Kenya au ateremke Maasai Mara. Mimi nasema msafiri huyo hajui anachokikosa. Katika nchi ile tambarare anaishi hirola, swala adimu kuliko wote barani Afrika, ambaye dunia nzima anakadiriwa kuwa hafiki 500.

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kiasi cha kilomita 370, kwa njia ya Thika na Mwingi. Ukiipita Mwingi, vilima vinakwisha kimoja kimoja, joto linapanda, na ngamia wanaanza kuonekana kando ya barabara. Kisha unavuka daraja la Mto Tana, na mji ndio huo. Maji yale ya rangi ya udongo yametoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Milima iko mbali, lakini ndiyo inayoinywesha nyika.

Si ajabu kwamba wageni waliizoea kuiogopa nchi hii. Wakati wa Waingereza ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii ila kwa kibali. Uhuru ulipokuja vikafuata vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Kutoka mjini tulishika njia ya kusini, upande wa mashariki wa mto, kuelekea Masalani. Njia hiyo ni ya kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunasa gari kama ulimbo. Tuliona twiga, tukaona dikidiki wakikimbilia vichakani, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia na watu ambao hawakutuuliza sisi ni nani kabla hatujaketi.

Alfajiri ya pili, katika hifadhi ya Ishaqbini, mlinzi wa wanyama alininyoshea kidole bila kusema neno. Walikuwa saba, wa rangi ya mchanga, wenye mkia mweupe na pembe zilizopinda kwa madaha. Kati ya macho yao umepita mstari mweupe kama miwani. Chini ya kila jicho pana tezi kubwa nyeusi, ndiyo sababu huitwa swala wa macho manne. Mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, aliwakuta karibu na Tana mwaka 1888, na wataalamu wakampa mnyama jina la mwindaji huyo. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua tangu zamani.

Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu, na mwaka 1974 Serikali ilitenga hifadhi ya Arawale kwa ajili yao. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, ukapita ugonjwa wa sotoka, ukawafyeka. Ukame, ujangili na wanyama wakali vikafanya yaliyobaki.

Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori la Kenya likahamisha hirola kadhaa hadi Tsavo Mashariki, ili mbegu isipotee. Nia ilikuwa njema. Lakini wenyeji wa Garissa walifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa wafugaji: walikwenda Mahakama Kuu, wakadai mnyama asitolewe katika ardhi yake ya asili. Mahakama ikatoa amri ya kuzuia uhamisho.

Nilimwuliza mzee mmoja pale Ishaqbini kwa nini mfugaji ahangaike hivyo kwa ajili ya swala anayekula nyasi zile zile za ng'ombe wake.

"Mwanangu," akanijibu, "panapomfaa hirola panamfaa ng'ombe. Akiondoka huyu, nasi tutafuata."

Kushinda kesi ni jambo moja, kumlea uliyemzuia ni jingine. Wenyeji hao walitenga sehemu ya malisho yao, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio wa kuwakinga na simba, duma na mbwa-mwitu. Miaka michache baadaye walikuwa wamekaribia kuwa maradufu.

Hata hivyo uzio hauoteshi nyasi. Dk. Abdullahi Ali, mwana wa Garissa aliyebobea katika elimu ya wanyama hawa, ameonyesha kwamba tembo walipouawa na mifugo kuzidi, vichaka vilienea na kumeza mbuga alizozihitaji hirola. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya panga na mbegu za nyasi, na itachukua miaka mingi.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kwenda, nenda wakati wa kiangazi. Ulizia hali ya usalama kabla hujaondoka, maana upande wa msitu wa Boni na mpaka wa Somalia una mashaka yake. Chukua kiongozi mwenyeji na ulale kwao, ili fedha yako ibaki kwa wanaomlinda mnyama. Walipokwenda mahakamani waliahidi kwa vitendo kwamba hirola ataishi kwao. Ahadi hiyo ni nzito kwa watu wanaohesabu kila debe la maji, na si haki waibebe peke yao.