Rada zafichua kinachovuruga mawimbi ya redio angani

WASIKILIZAJI wa redio za FM nchini Japani hupata kioja msimu wa joto: idhaa waliyoizoea huingiliwa ghafla na nyingine iliyoko zaidi ya kilomita 1,000. Redio zao huwa nzima. Kiini cha tatizo kiko angani.

Kwa kawaida mawimbi ya FM hupenya anga na kupotelea mbali. Lakini takriban kilomita 100 juu ya ardhi, vimondo vinavyoungua huacha chembe za chuma na magnesiamu zenye chaji ya umeme. Pepo zinazovuma pande tofauti katika vimo tofauti, zikisaidiwa na nguvu za sumaku za dunia, huzibana chembe hizo hadi zikawa utando mwembamba mithili ya chapati. Wanasayansi huuita tabaka la E la ghafla, kwa kuwa huzuka na kutoweka bila taarifa. Ukiwa mzito, hurudisha mawimbi ardhini, mbali na yalikotoka.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa utando huo ni bapa. Dhana hiyo ilitikiswa na rada ya MU ya Chuo Kikuu cha Kyoto, iliyojengwa Shigaraki na kuanza kazi mwaka wa 1984. Rada hiyo yenye antena 475 hutuma mawimbi ya megahezi 46.5, na huweza kunasa mwangwi kutoka kwa mikunjo ya chembe yenye upana wa mita tatu hivi.

Mnamo 1991, watafiti walieleza kwamba mwangwi huo haukuja mfululizo, bali ulirudi kila baada ya dakika tano hadi 10. Ilibainika kuwa utando huo huwa na mawimbi na mabonge. Ili kuuchunguza kwa karibu, roketi zilirushwa kutoka Uchinoura, kusini mwa Japani, mwaka wa 1996 na tena 2002, huku rada zikiufuatilia kutoka ardhini.

Utafiti huu si wa kujifurahisha. Mitambo inayoelekeza ndege zinapotua hutumia masafa yanayokaribiana na ya FM, hivyo ishara ya kituo cha mbali inaweza kuingilia ile ambayo rubani anaitegemea. Hata hivyo, kutabiri saa na mahali utando utakapozuka kungali kibarua kigumu.