Msee wa Kisukari Akiingia ICU, Kilo Zake Zinamsaidia ama Zinammaliza?

Umeambiwa mara ngapi ukate uzito kabla kisukari ikupate? Hiyo ni ukweli, hakuna daktari atakupinga. Lakini kuna kitu imekuwa ikiwachanganya hao madaktari kwa miaka: tafiti kadhaa zimeonyesha wagonjwa mahututi waliozidisha uzito kidogo wanatoka ICU wakiwa hai mara nyingi kuliko wale wembamba sana. Na baadhi zimeona hivyo hata kwa wenye kisukari.

Kwanza cheki uko wapi. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako kwa mita, halafu gawa tena kwa huo urefu. Ukiwa mita 1.70 na kilo 80, unapata karibu 27.7. Chini ya 18.5 umekonda sana, 25 kuenda juu umezidi, na 30 kuenda juu huo ni unene wenyewe.

Sasa mbona mnono apone? Ukiwa mahututi, mwili unajikula. Utafiti wa London uliotoka 2013 ulifuata wagonjwa 63 wa ICU. Ndani ya siku 10, msuli wa paja ulikuwa umepungua karibu asilimia 18! Kuingia hapo bila akiba ni kama kuanza Njaanuari na M-Pesa inasoma sufuri.

Kisukari inaongeza noma. Insulini ikikosa, sukari imejaa kwa damu lakini seli zinalala njaa, so mwili unaanza kuchoma mafuta na misuli.

Lakini usikimbie kwa kibanda ya chipo bado. Wengi wa wale wembamba walikondeshwa na ugonjwa kabla wafike ICU, kwa hivyo shida inaweza kuwa ugonjwa, si wembamba. Mizani pia haijui kutofautisha msuli na kitambi. Na wakati wa korona, wanene ndio walikuwa kwa hatari zaidi ya kulazwa ICU. Tena hiyo kitambi ndiyo inakuvuta kwa kisukari ya aina ya pili.

So kama mathe ama buda yako ana kisukari na nguo zimeanza kumlegea bila yeye kujaribu, usimwambie "siku hizi umeng'ara." Mpeleke hosi acheki sukari, na aulize daktari vile atakula ndio alinde misuli. Si kila kilo ikipotea ni ya kusherehekea.