Simu Mezani: Kazi, Familia na Zile Shilingi 7,000

Ni saa mbili na nusu usiku, Kitengela. Ugali uko mezani. Simu inalia: mteja amelipa. Inalia tena: shangazi anauliza ile pesa ya dawa ya nyanya imefika wapi. Kabla hujajibu, grupu ya kazini nayo: bosi anataka ripoti kesho asubuhi. Mkono wa kulia uko kwenye ugali, wa kushoto unabonyeza simu. Unatuma 7,000. Kumbe tarakimu ya mwisho ilikuwa 9, wewe umeandika 6.

Haya yalimpata mmoja wetu hapa kwenye timu, na ameturuhusu tuyaseme. Aligundua baada ya kuosha vyombo. Alipoomba kurejeshewa, aliyepokea alikuwa ameshatoa pesa yote kwa ejenti. Ilibidi akope ndio nyanya apate dawa, na deni hilo alililipa na riba. Tungependa kusema mtandao ndio ulikosea, lakini wapi. Mtandao ulifanya kile ulichoambiwa.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wazo lilikuwa rahisi: uko mjini unafanya kazi, familia iko mbali, watumie pesa. Kazi huku, nyumbani kule. Leo simu hiyo moja ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo chama, ndiyo ofisi. Na Kitengela tunajua vile siku inavyokuwa. Unatoka kabla ya jua kupanda matatu ya Nairobi, au unawahi shifti kule EPZ Athi River. Katikati ya siku unamlipa mtu wa boza ya maji, unanunua tokeni za stima, unapokea oda za ile biashara ya kando. Ukirudi, watoto wanabaki na saa mbili hivi za kukuona kabla walale. Hizo saa mbili ndizo simu inazitaka pia.

Ni kweli lawama si zako peke yako. Ufaransa ina sheria tangu 2017 ya kumlinda mfanyakazi anayezima simu ya kazi jioni, na hapa kwetu mswada wa aina hiyo ulifika Seneti mwaka wa 2022. Lakini sheria ya bosi haitamzuia shangazi kupiga. Wala mteja wa saa nne usiku. Hapo ni wewe.

Mwenzetu alianza na kutenganisha pesa. Wateja wake sasa wanalipa kwa nambari ya tili, si kwa laini yake. Anayebaki dukani anaona malipo yakiingia kwa simu ya duka, kwa hivyo hakuna haja ya kumpigia mama akiwa anamsaidia mtoto na homuwaki ati "imeingia?" Halafu akawaambia watu wa nyumbani wazi: pesa za matumizi natuma Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Kama kuna dharura, pigeni simu, msiandike. Shangazi alinuna wiki mbili hivi. Siku hizi anapiga mara chache, na akipiga, kweli kuna jambo.

Kitu kingine anachofanya ni kusoma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuweka nambari ya siri. Watoto humcheka. Lakini tangu Agosti 2023, kwa M-Pesa mtu anaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hivyo kosa la kidole linaweza kuwa karo ya mwaka mzima. Na tukitaja watoto: wengi wanajua nambari ya siri kwa sababu uliwapigia kelele kutoka jikoni, "weka tu, ni mwaka wa kuzaliwa!" Ibadilishe leo.

Matapeli nao wanajua saa ya chakula. Ule ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie" humpata mtu aliyechoka, mwenye mtoto anayelia na sufuria jikoni. Usirudishe chochote kwa kuamini sms. Fungua menyu, angalia salio lako kwanza. Kama halijabadilika, hakuna pesa iliyoingia. Na kama kweli imeingia, mwambie aliyetuma apitie huduma kwa wateja. Usimtumie wewe mwenyewe.

Ukituma kwa nambari isiyo yenyewe, omba kurejeshewa dakika hiyo hiyo, kabla aliyepokea hajafika kwa ejenti. Hiyo haingoji vyombo vioshwe. Ugali utapoa, sawa, utapashwa.